Ile Video Yangu ya Mitungi ya Chuma Nimeifuta

Leo siko hapa kuwachekesha.

Wale mmenifuata kitambo mnakumbuka ile video. Nimesimama ufuoni Diani, mtungi wa hewa wa chuma begani kama mtu anashusha mkungu wa ndizi pale Daraja Mbili, nasema, "Alumini ni ya watalii, chuma ni ya wanaume." Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Wiki iliyopita nimeifuta.

Sababu ni ujumbe ulioingia inboksi. Kijana wa Kilifi, anasomea kuzamia kwa deko, amelipa malipo ya kwanza ya mitungi miwili ya chuma, lita 12 kila mmoja, mitumba kutoka Ulaya. Akaniandikia, "Bro, nimechukua chuma venye ulisema. Sasa nianze na risasi kilo ngapi?" Nilikaa na hiyo simu mkononi. Mimi sikuwa najua jibu. Nilikuwa nimebeba mtungi kwa bega kwa sababu unaonekana poa kwa kamera.

Kwa wageni: mimi ni mtoto wa Nyamira, niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna watu kwa komenti hunikumbusha hiyo kila siku kama mimi ndio nimesahau. Sawa. Sina digrii ya kitu chochote. Lakini hesabu ya hii maneno ni ya darasa la nane, na nimeifanya mara nyingi sana tangu ule ujumbe uingie. Pia nina binamu, mtoto wa mjomba, ambaye anafanya kazi na wazamiaji kule Diani, na hii mambo ya mitungi nusura igawanye familia yetu mwezi uliopita. Nitawaambia.

Kwanza deko ni nini, juu huku kwetu mto Gucha ukifika kiunoni tunasema umejaa.

Ukishuka chini ya maji, presha inaongezeka. Kila mita 10, inaongezeka kama ile yote ya hewa iliyo juu yako ukiwa ufuoni. Kwa hivyo mita 30 ni presha mara nne. Hewa unayopumua kutoka kwa mtungi inakuja kwa hiyo presha, na naitrojeni inaingia polepole kwa damu na nyama ya mwili. Ukikaa sana halafu upande haraka, ni kama kufungua soda iliyotikiswa: povu. Tofauti ni kwamba hilo povu liko kwa goti lako, au kwa uti wa mgongo. Watu hupooza. Watu hufa. Ndio maana ukishapitisha muda fulani chini, huruhusiwi kupanda moja kwa moja. Lazima usimame njiani, labda dakika kadhaa mita 9, zingine mita 6, zaidi mita 3. Ni kama matatu ambayo lazima isimame kila steji hata kama hakuna abiria. Hiyo ndio deko, yaani dekompresheni, na tofauti yake na kuzamia kwa kawaida ni moja tu: kukitokea shida huwezi kukimbilia juu. Juu pamefungwa.

(Hizi steji zilitokana na mbuzi, by the way. Mskochi mmoja, John Scott Haldane, alifanyia kazi jeshi la maji la Uingereza, akawaweka mbuzi kwenye chemba ya presha, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakachapisha jedwali la kwanza la kupanda kwa hatua. Mbuzi aliyepata shida alikuwa anainua mguu wa mbele. Nikisimulia hii nyumbani mjomba huuliza kama mbuzi walilipwa fidia.)

Sasa binamu. Mwaka huu mwalimu wake alimpeleka Mombasa kwa ile meli iliyozama, MV Dania, meli ya zamani ya kubeba mifugo ambayo ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Inakaa karibu mita 30. Binamu alikuwa na mitungi miwili ya alumini mgongoni, ya kuazima. Wakakaa chini muda wa kutosha kupata deko kidogo, wakaanza kupanda vizuri, na walipofika steji ya mita 6 binamu akaanza kuelea. Hakuwa amefanya kitu. Alitoa hewa yote kwa jaketi lake, akapumua nje mapafu yakabaki tupu, bado anapanda. Alishika ile kamba ya boya kwa mikono miwili na akakunja miguu juu yake kama tumbili, kichwa chini, mpaka dakika zikaisha. Mwalimu alikuwa amemshika kwa kamba za mitungi.

Alitoka maji akiwa na uamuzi: alumini ni takataka, nataka chuma. Na mimi, bingwa, nikamsaidia kwa kutengeneza video.

Hebu tuangalie venye ilitendeka. Kila mtu aliyekulia Kisii amewahi kujaribu kusukuma jerikeni tupu la lita 20, limefungwa, chini ya maji. Linarudi juu linakupiga kidevu. Si eti plastiki ni nyepesi sana, ni kwamba linachukua nafasi kubwa ya maji kuliko uzito wake. Mtungi ni hivyo hivyo.

Ule mtungi wa kawaida wa alumini, wanauita AL80, una nafasi ya lita 11.1 ndani na unajazwa mpaka bar 207. Chuma chake, yaani alumini yenyewe, ni kama kilo 14.3. Alumini ina kilo 2.7 kwa kila lita, kwa hivyo zile kuta zake nene zinachukua lita 5.3 hivi. Jumlisha na ndani: lita 16.4. Maji ya bahari ya hiyo nafasi yana uzito wa karibu kilo 16.8. Ongeza valvu kwa mtungi, bado mtungi mtupu ni mwepesi kuliko maji uliyoyasukuma. Unaelea, karibu kilo 2. Ukiujaza hewa, ile hewa peke yake ni kilo 2.7 hivi. Ndiyo, hewa ina uzito, mwalimu wako wa sayansi hakukudanganya. Kwa hivyo ukijaa unazama kidogo, ukiisha unaelea.

Chuma sasa. Mtungi wa lita 12 wa bar 232 una uzito karibu sawa kabisa na ule wa alumini ukiupima nchi kavu. Hapa ndio watu wengi hukosea, mimi nikiwa wa kwanza: alumini si nyepesi begani. Lakini chuma ni kilo 7.8 kwa lita, kuta zake ni nyembamba, nafasi anayochukua ni ndogo. Ukiisha hewa bado unazama kilo moja hivi. Ukijaa unazama kilo 4 na kitu.

Kwa hivyo binamu alielea kwa sababu alipimiwa risasi (zile za mkanda, si za polisi) mitungi ikiwa imejaa. Mwanzoni alikuwa sawa kabisa. Kadri alivyopumua, kilo karibu 4 za hewa ziliondoka mgongoni mwake, na akafika steji ya mwisho, mahali pekee ambapo huwezi kubahatisha, akiwa mwepesi. Hiyo si makosa ya alumini. Unapima uzito ukiwa na mitungi karibu tupu, bar 50 au chini, mita 3, ukiwa umevaa kila kitu. Kama hapo huzami polepole, ongeza risasi. Kwake yeye ilitoka kilo 4. Kilo nne za risasi dhidi ya jozi ya mitungi ya chuma ambayo muuzaji alikuwa anaitisha karibu mara mbili ya bei ya alumini.

Na hiyo pesa ilikuwa ya nani? Ya mjomba. Bonasi ya majani chai.

Kama wewe si wa Nyamira huenda hujui bonasi ni nini. Mwaka mzima mzee anachuna au analipa wachunaji, anapata malipo madogo ya kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka bonasi inaingia na kila mtoto kwa familia ghafla anakumbuka kusalimia nyumbani. Kuna mabati, kuna karo, kuna deni la mbolea. Mjomba alisema mwaka huu atamwekea binamu sehemu kubwa, kwa sababu binamu ndiye wa kwanza kwa ukoo kufanya kazi chini ya bahari na mzee anajivunia hiyo kitu vibaya sana, ingawa hawezi kusema.

Tulikaa sebuleni. Mjomba akauliza, "Hiyo mitungi ni kama ya gesi?" Binamu akasema, "Karibu hivyo, baba." Mjomba akaenda jikoni, akarudi na mtungi wa kilo 13, akauweka chini, tii! "Hii ni chuma. Nimeitumia miaka na miaka. Alumini ni ya sufuria. Kitu chepesi hakiwezi kukulinda." Binamu akaniangalia na ile tabasamu ya mtu ambaye amepata wakili. Na mama mkwe wa binamu mwenyewe, mong'ina ambaye huwa hasemi kitu, akasema, "Si huyu ndiye alituonyesha kwa simu kwamba chuma ndio ya wanaume?" Wote wakanigeukia.

Hapo ndio nililazimika kusema mbele ya wakubwa kwamba nilidanganya. Samahani mjomba, nilisema, sikuwa najua, na sasa nimejua kiasi.

Nilichowaambia ndio maoni yangu yote: swali si mtungi gani ni imara. Yote miwili ni imara, yote inapimwa kwa presha kubwa kuliko ile inayobeba. Swali ni uzito uko wapi, na kama unaweza kuuacha.

Chukua binamu na jozi ya chuma, imejaa. Kila mmoja unazama kilo 4.4, hiyo ni karibu 9. Ongeza bamba la mgongoni na vile vyuma vya kushikanisha, kilo 2. Amevaa suti nyembamba ya mpira ya milimita 3 kwa sababu maji ya pwani yetu ni moto, na hiyo suti ikifika mita 30 inabanwa na presha, haimwinui tena. Kwa hivyo dakika ya kwanza chini yuko na karibu kilo 11 zinazomvuta, na zote zimefungwa mgongoni. Hana risasi hata moja ya kutupa. Kitu pekee kinachomshikilia ni ile hewa kwa jaketi. Sasa jaketi likipasuka? Bomba la kujazia likichomoka? Kuogelea na kilo 11 kwa miguu mpaka juu, ukipumua kama umekimbizwa na mbwa, hewa inaisha, na njiani bado kuna steji. Jaribu kubeba debe la maji ukipanda ule mlima wa kutoka mtoni. Halafu uambiwe usihemwe.

Jozi ya alumini: inazama kilo moja na nusu hivi, bamba na vyuma 2, risasi 4. Jumla kama 7. Bado ni nyingi, lakini risasi zinatoka. Na hapa kuna ujanja, usitupe zote, juu ukitupa zote utafika steji ya mita 6 ukielea kama binamu. Watu wenye akili hugawanya: nusu inakaa kwa mkanda wa kutupa, nusu imefungwa kwa bamba. Ukiacha kilo 2 za mkanda unabaki na 5, na hizo miguu yenye mazoezi inaweza. Lengo ni mbili: uweze kuogelea juu ukiwa umejaa, na uweze kusimama tuli steji ya mwisho ukiwa umekaribia kuisha. Kifaa kikishindwa moja ya hizo mbili, hakifai, hata kama kinang'aa.

"Sasa mbona wazungu kwa video wote wako na chuma?" Binamu aliuliza hiyo, na ni swali nzuri. Ni kwa sababu ya baridi. Mtu anayezamia ziwa la Uingereza anavaa suti isiyoingiza maji, na chini yake nguo nzito kama blanketi, na hewa imejaa humo ndani. Anaelea kama chupa. Anahitaji risasi kilo 10 au zaidi ndio tu azame. Kwake mitungi ya chuma ni baraka, inampunguzia mkanda. Pia hiyo suti yenyewe anaweza kuijaza hewa jaketi likikufa, ana njia ya pili. Ushauri wake ni wa kweli, kwa maji yake. Mimi nilichukua ushauri wa mtu wa maji baridi nikauleta Diani nikiwa na kaptula. Hiyo ni kama kusikia mtu wa Kinangop akisifu koti lake halafu ulivae Lodwar.

Na sisemi chuma ni mbaya milele. Ukiwa mzamiaji mrefu mwembamba ambaye huzama kama jiwe la Tabaka, au una suti nene, au una njia ya pili ya kuelea, hesabu inabadilika. Fanya hesabu yako. Ninachokataa ni ile "chuma ni ya wanaume."

Kitu kimoja hakina mjadala kabisa, ni mitungi ya pembeni. Kwa deko, mbali na ile ya mgongoni, wengi hubeba mtungi mwingine mdogo ubavuni wenye oksijeni nyingi, ya kupumua steji za juu ili naitrojeni itoke haraka. Huo uwe alumini. Alumini ndogo ya aina ya AL40 ndani ya maji ni karibu haina uzito, unaweza kuuning'iniza, kumpa mwenzako, kuutoa na kuurudisha bila mwili wako kupinduka. Wa chuma unakuvuta upande mmoja kama mtu amebeba ndoo moja ya maji. Kuna pia mambo ya kutu: chuma kikiingia unyevu ndani kinashika kutu, na kutu pamoja na oksijeni safi ya presha kubwa ni jirani wabaya. Halafu andika kwa herufi kubwa kwenye mtungi kina cha mwisho cha kuutumia. Oksijeni safi ni mita 6, basi. Ukiipumua mita 30 kwa kuchanganya midomo ya regyuleta, unapata degedege chini ya maji, na huko degedege ni kuzama.

Kutu hata bila oksijeni safi ni shida pwani. Mtungi wa chuma uliofungwa na maji kidogo ya chumvi ndani, ukakaa miezi, kutu inakula ile oksijeni iliyo kwa hewa. Unafungua, presha iko, hewa haina maisha. Alumini nayo huliwa na chumvi, hasa pale chini kwa kiatu cha mpira ambapo hakuna anayeosha, lakini ngozi yake ya juu ikishika oksijeni inajilinda. Chuma kikitunzwa vizuri kinaweza kuishi kuliko mwenye kukinunua, hiyo nakubali. Neno ni "kikitunzwa," na wewe unajua compressor ya kuazima filta yake ilibadilishwa lini? Hujui.

Mkinunua mitumba ya alumini, someni mihuri shingoni. Kuna aloi ya zamani, 6351, ambayo ilionyesha tabia ya kupata nyufa kwenye shingo ikikaa na presha muda mrefu. Luxfer ya Marekani iliacha kuitumia mwaka 1988, mingi ya sasa ni 6061. Mtungi wa kabla ya hapo, hata ukipewa bure, kataa. Na tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa presha ya maji iwe ndani ya miaka 5, na ndani uangaliwe kila mwaka.

Na msipeleke mtungi wa alumini kwa fundi wa mageti! Nilimuuliza fundi mmoja wetu hapa Kisii kama anaweza kupaka rangi mtungi wa binamu, akasema vizuri sana, ataweka ile rangi ya unga halafu aioke kwa oveni. Anaoka mageti yanatoka safi. Lakini alumini ya mtungi ilipewa nguvu kwa moto uliopimwa kiwandani, ukiioka tena inapoteza hiyo nguvu na huwezi kuona kwa macho. Utakuwa na bomu lenye rangi nzuri.

Kuna mtu atasema, Mkisii, hii yote inatuhusu nini, huko hata bahari hamna. Mimi nilikuwa Fomu Tu wakati wa Likoni. 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likaanguka kutoka feri ya MV Harambee likiwa na Mariam Kigenda na mtoto wake Amanda Mutheu wa miaka minne. Walitolewa 11 Oktoba, siku ya 13. Nakumbuka mwalimu akifuatilia kwa simu, na sisi bwenini tukiuliza, kama nchi nzima, kwani shida iko wapi, si mtu achukue mtungi ashuke tu?

Gari lilikuwa mita 58. Sasa naweza kufanya ile hesabu tulikosa bwenini. Mita 58 ni presha mara 6.8. Mzamiaji aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika kwa presha ya ufuoni, kwa hivyo huko ni lita 136 kwa dakika. Mtungi mmoja wa alumini una lita 2,300 hivi. Dakika 17, ukiufyonza mpaka tone la mwisho, bila akiba, bila kupanda, bila steji hata moja, na kwa hewa ya kawaida kichwa chako huko chini ni kama umekunywa. Gizani, kwa mkondo wa feri. Kila dakika unayotafuta unalipa dakika nyingi za kusimama ukipanda. Nilikuwa mmoja wa wale waliotukana wazamiaji siku hizo, nikiwa na miaka 16 na simu ya kuazima.

Binamu anataka kuwa mmoja wa Wakenya wanaoweza kushuka huko na kurudi. Ndio maana hii si mambo ya vifaa kwangu.

Kabla nisahau, hii haina chuma wala alumini: ukizamia, usikimbilie basi ya usiku ya kuja nyumbani. Mombasa ni usawa wa bahari. Kisii mjini ni karibu mita 1,700, na kabla ufike barabara inapita zaidi ya mita 2,000. Kwa mwili wako hiyo ni ndege. Ushauri wa kawaida kabla ya kuruka ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja bila deko, 18 ukirudia, na zaidi ya hapo, mbali, ukifanya deko. Chemba za kutibu hayo mambo ziko pwani, haziko Gusii. Binamu aliwahi kupigiwa simu ya msiba akiwa ametoka maji saa tano. Alikaa Mombasa mpaka kesho yake jioni, akakosa mazishi, na kuna wazee mpaka leo wanasema alikataa kuja.

Mjomba aliamua vipi? Alichukua karatasi akaniambia niandike zile kilo moja moja, upande wa chuma, upande wa alumini. Akaziangalia muda mrefu. Halafu akarudisha mtungi wa gesi jikoni mwenyewe, na kesho yake akatuma pesa ya jozi ya alumini, mtungi mmoja mdogo wa pembeni, na risasi. Iliyobaki ikaenda kwa mabati. Mitungi imeenda kupimwa presha Mombasa, binamu anangoja, na majibu yakitoka nitaposti, yakiwa mabaya pia.

Na wewe wa Kilifi: nimekujibu inboksi, jibu refu. Usijaze hiyo mitungi bado. Pima kwanza kwa kidimbwi ikiwa tupu na ikiwa imejaa, uniambie nambari zako, halafu tuone kama muuzaji atakubali kukurudishia pesa. Kama atakataa, nitachangia kiasi.

Ile video ilinilipa kidogo.